Patel wa Leicester na Patel wa Bolton

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mzaliwa wa Muheza, muuguzi katika hospitali moja hapa Leicester. Wodini kwetu jina Patel halikosekani, na kuna siku tunabandika onyo juu ya kitanda ili dawa ya Patel mmoja isimwendee mwingine. Bibi mmoja aliyezaliwa Jinja alinisemesha Kiswahili kizuri. Ni Mhindu, hali nyama. Baadaye akalazwa mzee Patel wa Bolton, Mwislamu, aliyekuja huku kumtembelea mwanawe. Kiswahili hajui hata neno, na Afrika hajawahi kukanyaga. Je, hawa ni ukoo mmoja? Jina hili lilitoka wapi, na kwa nini limejaa miji fulani tu ya Uingereza? Nina lingine: babu yangu aliuza katika duka la Patel mmoja pale Muheza, na nyumbani husemwa watoto wa tajiri wake wako London. Nitawapataje?"

Marahaba, dada. Hao wawili si ukoo mmoja, na huenda hawana babu wa pamoja hata ukirudi nyuma vizazi ishirini. Wanachoshirikiana ni cheo. Patel alikuwa mkuu wa kijiji huko Gujarat, magharibi mwa India: ndiye aliyekusanya kodi ya ardhi na kuijibia mbele ya serikali, akaamua ugomvi wa mipaka, akampokea mtu wa dola akipita. Sisi watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana, maana tunao akina Jumbe na akina Akida ambao babu zao walishika kazi na wajukuu wakabaki na jina. Akida wa Pangani na Akida wa Kilwa si lazima wawe ndugu.

Wanaochunguza asili ya maneno hulirudisha hadi kwenye Kisanskriti, pattakila, yaani mshika ardhi kwa hati. Maharashtra, jirani wa kusini, cheo hichohicho ni Patil. Nyaraka za zamani za Kampuni ya India Mashariki zinaandika Potail. Kwa hiyo ukiona Patil kwenye orodha yako ya wagonjwa usidhani karani amekosea. Huyo kwa kawaida ni mtu wa Maharashtra na lugha yake ni Kimarathi.

Lakini kijiji kina mkuu mmoja. Iweje basi nusu ya kijiji iitwe Patel?

Hapo inabidi twende Charotar. Ni nchi tambarare yenye rutuba kati ya mto Sabarmati na mto Mahi, zamani yote wilaya ya Kheda. Tangu 1997 sehemu yake kubwa ni wilaya ya Anand. Inalima tumbaku, na maziwa yake yanajulikana India nzima. Wakulima wake wakuu waliitwa Wakanbi, hasa tawi la Leuva. Vijiji vingi vya huko vilikuwa na utaratibu wa narwa. Serikali haikumdai mkulima mmojammoja, ilikidai kijiji kwa jumla, na koo zenye hisa ndizo zilizogawana deni kama zilivyogawana mashamba. Hisa iliitwa pati, na mwenye hisa akawa Patidar. Kwa utaratibu huo kijiji kimoja kilikuwa na wakubwa kadhaa, kila mmoja akijibia upande wake wa kodi na kila mmoja akistahili kuitwa Patel. Wadogo zake na wanawe nao wakaitwa hivyo kwa heshima, na heshima ya namna hiyo ikishatolewa hairudishwi.

Kisha ikaja haja ya kupanda daraja. Kanbi lilimaanisha mlima shamba tu, Patidar lilimaanisha mwenye mali. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliojiweza walilisukuma kando lile la kwanza, na sensa ya 1931 ya utawala wa Waingereza ikawaandika Patidar. Miaka hiyohiyo makarani wa shule, wa mahakama na baadaye wa pasipoti walikuwa wakidai jina la mwisho. Kijijini mtu alijulikana kwa jina lake na la baba yake, na hayo yalitosha. Mbele ya fomu yenye nafasi tatu Mpatidar alijaza Patel. Wachache wenye vyeo vya tangu enzi za watawala wa Kimughal na wa Kimaratha walijaza Desai au Amin. Ukikutana na Mhindu wa Kampala aitwaye Amin usimshangae: ni Mpatidar huyo, na jina lake halihusiani na jenerali.

Wala Wapatidar si wenye jina peke yao. Wakoli, jamii nyingine ya Gujarat, wanalo, na vilevile Waislamu wa wilaya za Bharuch na Surat, ambao walikuwa wakulima na wakuu wa vijiji vyao kabla na baada ya kusilimu. Anayetaka mifano amtazame Vallabhbhai Patel, aliyezaliwa Nadiad mwaka 1875, kwao Karamsad, naibu waziri mkuu wa kwanza wa India huru, yule aliyejengewa sanamu ya mita 182. Huyo ni Mhindu wa Charotar. Kisha amtazame Munaf Patel, mrusha mpira wa kriketi aliyekuwa katika timu ya India iliyotwaa Kombe la Dunia mwaka 2011. Huyo ni Mwislamu wa kijiji cha Ikhar, Bharuch. Kutoka Karamsad hadi Bharuch hata kilomita mia mbili hazifiki.

Turudi kwa bibi yako wa Jinja. Iko hadithi inayopendwa kwetu na huko Uingereza pia, kwamba Wahindi wote wa Afrika Mashariki ni wajukuu wa makuli wa reli. Kwa akina Patel hadithi hiyo haisimami. Kati ya 1896 na 1901 waliletwa vibarua karibu 32,000 kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Wengi wao walikuwa watu wa Punjab, na wengi walirudi makwao mkataba ulipokwisha. Patel alikuja wakati treni zinatembea tayari, akawa karani wa stesheni, mkuu wa stesheni, mtunza stoo, mwalimu, mwenye duka. Nyumbani mashamba yalikuwa yamekatwa na kukatwa tena, kila kizazi kikigawana hisa ya baba. Tauni ikaingia. Ikaja njaa kuu ya 1899 na 1900, ambayo Gujarat wanaiita Chhappaniyo kwa kuwa katika kalenda yao ulikuwa mwaka 1956. Charotar ilikuwa na shule, kwa hiyo vijana wake walijua kusoma na kuandika Kiingereza, na serikali ya kikoloni Mombasa, Nairobi na Entebbe ilikuwa na njaa ya makarani. Kaka akapata kazi stesheni, akamwita mdogo wake. Mdogo akafungua duka, akamwita shemeji. Kwa mtindo huo kijiji kimoja cha Gujarat kikawa na watu wake Kampala, na kijiji jirani kikawa na wake Dar es Salaam.

Kufikia sensa ya 1962 Kenya peke yake ilikuwa na Waasia zaidi ya 176,000 wa makabila na dini zote. Kusini mwa Tanganyika vilevile walikuwapo. Daktari wa uzazi Narendra Patel, aliyefanya kazi Dundee huko Scotland na kuingia Baraza la Malodi mwaka 1999, alizaliwa Lindi mwaka 1938. Huwa nawatajia hilo watu wa Lindi wanapolalamika kwamba mji wao hautajwi popote.

Kuondoka kwao kila mtu kwetu ana hadithi yake, lakini hadithi hizo huchanganywa na kuwa moja, na kosa hilo linaharibu hesabu ya miji. Waliondoka kwa mawimbi tofauti, na kila wimbi lilitua mahali pake.

Wimbi la Kenya lilitangulia. Baada ya uhuru wa Desemba 1963, Waasia ambao hawakuwa raia moja kwa moja walipewa miaka miwili ya kuomba uraia. Wengi walibaki na pasipoti za Uingereza. Mwaka 1967 zikapitishwa sheria za vibali vya kazi na leseni za biashara, na ndege za kwenda London zikajaa. Bunge la Uingereza likashtuka, na kufikia Machi 1968 lilikuwa limepitisha sheria kwa muda wa siku tatu: mwenye pasipoti ya Uingereza ambaye yeye, mzazi wala babu yake hakuzaliwa Uingereza hana tena haki ya kuingia anapotaka. Badala yake zikaja vocha, chache kila mwaka, na familia zikakaa Nairobi zikingoja zamu. Hao wa Kenya walipenda London ya kaskazini magharibi: Wembley, Kingsbury, Harrow.

Tanzania Bara haikumfukuza mtu kwa amri. Lilikuja Azimio la Arusha mwaka 1967, na Aprili 1971 serikali ikatwaa majengo ya kupangisha. Mwenye duka aliyeweka akiba ya maisha kwenye ghorofa la mtaani akajikuta mpangaji katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Wakaondoka kidogokidogo, bila kelele, na labda ndiyo sababu vitabu vya Uingereza huwasahau.

Uganda unaijua. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kuwafukuza Waasia, wakapewa siku 90. Uingereza ilipokea watu kama 28,000, ikawaweka kwanza katika kambi za zamani za jeshi: Stradishall huko Suffolk, Greenham Common huko Berkshire, Tonfanau pwani ya Wales. Bodi ya serikali iligawa nchi katika maeneo mekundu, yaliyohesabiwa kuwa yamejaa, na ya kijani, yaliyohesabiwa kuwa na nafasi. Leicester ikawekwa nyekundu. Baraza la jiji hilo likaona halitoshi, likalipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la tarehe 15 Septemba 1972 likiwasihi wakimbizi, kwa faida yao wenyewe, wasije Leicester. Wengi wamesema baadaye kwamba tangazo hilo lilikuwa ndiyo mara yao ya kwanza kulisikia jina la Leicester. Siamini sana kwamba tangazo ndilo lililowaleta, ingawa ni hadithi tamu. Walikuja kwa sababu jamaa zao wa Kenya walikuwa wameshafika, kwa sababu viwanda vya soksi, fulana na viatu viliajiri wanawake na wanaume, na kwa sababu nyumba za mtaa wa Belgrave zilikuwa nafuu. Mkimbizi hufuata shangazi yake. Ramani ya rangi za serikali haina shangazi.

Hata hivyo, usifikiri kila Mgujarati wa Leicester ni Patel. Walohana, jamii ya wafanyabiashara wa Kigujarati, wana nguvu sana pale, na majina yao ni Popat, Kotecha, Thakrar, Raja. Akina Shah wa jamii ya Oshwal, wenye asili ya vijiji vya Jamnagar na waliokaa Kenya, wengi wako London ya kaskazini. Katika London hiyohiyo, ukiteremka Southall unakuta Gill, Sandhu na Dhillon, kwa kuwa ni mji wa Wapunjabi. Wanaosema "Wahindi wa Uingereza" kana kwamba ni kundi moja wangefaa wapande basi kutoka Southall hadi Wembley wasome vibao vya maduka njiani.

Mzee wako wa Bolton hakupita Afrika hata kidogo. Miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 viwanda vya pamba vya Lancashire vilikosa watu wa zamu ya usiku. Vijana Waislamu kutoka vijiji vya Bharuch na Surat walikwenda moja kwa moja Bolton, Blackburn na Preston. Wengine walivuka milima hadi Batley na Dewsbury, kwenye viwanda vya sufu. Kabla sheria ya uhamiaji ya 1962 haijaanza kazi walikimbizana kuwahi mlango ungali wazi, kisha wake na watoto wakafuata. Adam Patel, aliyezaliwa Gujarat mwaka 1940 na kuingia Baraza la Malodi mwaka 2000 kama Lodi Patel wa Blackburn, alikuwa wa njia hiyo. Viwanda vyenyewe vimefungwa zamani. Watu wamebaki, na misikiti yao na mitaa yao.

Kwa hiyo jina Patel halikuambii mtu ni nani. Mji alikotulia mzazi wake unakuambia mengi zaidi. Patel wa Harrow, kisia Mhindu wa Charotar aliyepitia Nairobi au Kampala, na mara nyingi utapatia. Patel wa Blackburn, kisia Mwislamu wa Bharuch, na mara nyingi utapatia. Bolton ni mchanganyiko, kwa sababu wako pia Wahindu wa Kutch, wilaya nyingine ya Gujarat, wenye mahekalu yao. Leicester nayo inaweza kukuchezea: katika mtaa wa Highfields wako Waislamu wa asili ya Bharuch na Surat waliokaa Malawi kabla ya kuhamia Uingereza. Huyo ni Patel Mwislamu na bado ni mtu wa Afrika, ila lugha aliyoijifunzia dukani ni Kichewa.

Siku hizi kuna mlango mwingine mdogo. Daman na Diu, pwani ya Gujarat, zilikuwa chini ya Wareno hadi Desemba 1961, na waliozaliwa huko kabla ya hapo wanaweza kudai uraia wa Ureno, wao na vizazi vyao. Wakati Uingereza ingali katika Umoja wa Ulaya, wengi waliingia kwa pasipoti za Ureno wakakaa Leicester na Wembley, wakafanya kazi za viwandani na maghalani. Daman nayo ina akina Patel wake. Bibi wa Jinja na kijana wa Daman wanaweza kuishi mtaa mmoja wa Belgrave, wakasema Kigujarati cha lafudhi mbili, na kila mmoja akamwona mwenzake mgeni.

Kuna pia akina Patel wasioonekana. Watu wa Kenya, jina la Bhudia, Varsani, Halai, Hirani, Vekaria, Pindoria au Kerai si geni kwenu. Nusu ya nyumba za mawe za Nairobi zimepita mikononi mwa mafundi wao. Hao ni Wakanbi wa Leuva kutoka vijiji vinavyozunguka Bhuj, katika Kutch: Madhapar, Baladia, Sukhpar, Mankuva. Kwa jumla huitwa Leva Patel. Lakini karani alipowauliza jina la mwisho, wengi walitaja ukoo wao mdogo. Wamejaa Harrow, Kenton na Kingsbury, na hekalu la madhehebu ya Kihindu ya Swaminarayan lililofunguliwa Kingsbury mwaka 2014 ni lao. Katika hesabu ya majina hawahesabiwi kuwa Patel hata kidogo. Ndiyo maana nakataa kusema "Wapatidar wa Uingereza ni kadhaa" kwa kuhesabu jina: wako Wapatidar wengi wasioitwa Patel, na Patel wengi wasio Wapatidar.

Hesabu ya jina lenyewe lakini inawezekana. Wachoraji wa ramani za majina hulinganisha sensa ya 1881 na madaftari ya wapiga kura ya karibuni. Mwaka 1881 Patel halionekani katika Uingereza. Leo wenye jina hilo ni kiasi cha laki moja, na limo katika majina arobaini ya juu ya nchi nzima. Katika Harrow na Brent, wilaya mbili za London, limempita Smith. Hakuna jina la Kiingereza lililopanda namna hiyo, na karibu upandaji wote ulitokea baada ya 1960. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 213,000 wa Uingereza na Wales ambao lugha yao kuu ni Kigujarati. Ya 2021 ilikuta asilimia 34.3 ya watu wa Leicester na 28.6 ya watu wa Harrow wakijiandika Wahindi.

Ramani hiyo ina jambo moja ninalolipenda. Majina mengi ya wahamiaji yamekusanyika mahali pamoja na kwingine hakuna kitu. Patel limekusanyika, na wakati huohuo limetapakaa nyembamba nchi nzima: familia moja katika kijiji cha Devon, nyingine pwani ya Wales, nyingine Norfolk. Sababu ni kazi. Waliotoka Afrika Mashariki bila mtaji mkubwa walinunua maduka ya magazeti, sigara na maziwa kutoka kwa Waingereza wazee waliochoka kuamka alfajiri. Kijiji hakihitaji maduka mawili ya namna hiyo. Kwa hiyo aliyetaka duka alilazimika kwenda mahali pasipokuwa na Patel mwingine. Mwaka 1994 sheria iliporuhusu supamaketi kubwa kufungua Jumapili, maduka hayo yaliumia, lakini watoto walikuwa wameshasomea famasi, macho na uhasibu, na famasi nayo hutawanya watu vilevile. Scotland ndiko jina lilipo chache, kwa kuwa Waasia wa huko wengi wana asili ya Punjab.

Si wote waliokaa nyuma ya kaunta. Mgomo wa Grunwick wa 1976 hadi 1978, katika kiwanda cha kusafisha picha huko Brent, uliongozwa na Jayaben Desai, mzaliwa wa Dharmaj katika Charotar, aliyekaa Tanzania kabla ya kufika London. Na Priti Patel, waziri wa mambo ya ndani kati ya 2019 na 2022 aliyekaza sheria za uhamiaji, wazazi wake ni Wagujarati waliotoka Uganda. Gujarat moja imewatoa wote wawili bila shida.

Sasa la wodini. Mwanamume wa Kigujarati huwa na jina lake, la baba yake, kisha Patel. Mwanamke ana jina lake, la baba, kisha Patel. Akiolewa, la kati hubadilika likawa la mume, na la mwisho mara nyingi linabaki Patel kwa sababu mume naye ni Patel. Mfumo wa hospitali ukifuta jina la kati umefuta kile kinachomtofautisha mtu. Bhai na ben mwishoni mwa jina ni heshima tu, kaka na dada: Kanta na Kantaben anaweza kuwa mgonjwa mmoja mwenye mafaili mawili. Mwambieni anayeandikisha wagonjwa ajaze jina la kati kwa ukamilifu, asiweke herufi moja.

Na msishtuke mkiona baba Patel, mama aliyezaliwa Patel, mkadhani wameoana binamu. Kwa Wapatidar wa Kihindu ni kinyume. Mtu haoi kijijini kwake, maana wote wa kijiji ni ndugu; huoa ndani ya mzunguko wa vijiji vinavyoitwa gol. Mzunguko wenye majivuno kuliko yote ni wa vijiji sita: Nadiad, Karamsad, Vaso, Dharmaj, Sojitra na Bhadran. Ipo mingine ya vijiji vitano, ishirini na viwili, ishirini na saba. Vijana wa Harrow husema wameachana na mambo hayo, kisha siku ya posa mama mtu anauliza: kijiji gani?

Hilo ndilo swali la kumsaidia babu yako pia. Anza kwa wazee wa Muheza: tajiri aliitwa nani kwa jina lake mwenyewe, na baba yake nani? "Patel wa Muheza" halikufikishi popote, lakini jina lake na la baba yake pamoja tayari ni ufunguo. Kibao cha duka, stakabadhi ya zamani, kitabu cha madeni, vyovyote vilivyobaki, vitafuteni. Magazeti rasmi ya serikali ya Tanganyika yalichapa matangazo ya mirathi, ubia uliovunjika na maombi ya uraia, na humo majina huwa kamili. Orodha za abiria wa meli waliofika Uingereza, zilizohifadhiwa katika nyaraka za taifa huko Kew, London, zinaishia 1960. Familia nyingi zilikuja kwa ndege baada ya hapo, hivyo orodha hizo zitakufaa tu ikiwa mtoto mmoja alitangulia kwenda kusoma.

Ukishapata kijiji cha asili kazi inakuwa nyepesi. Watu wa Dharmaj wana chama chao London, wa Karamsad wana chao, na mizunguko ya ndoa imezoea kuchapa vitabu vya familia zenye majina na makazi. Huko Gujarat Wapatidar wana watu wa ukoo wa Barot, waitwao vahivancha, ambao kazi yao ya kurithi ni kuandika vizazi katika madaftari na kuvisoma mbele ya wenyewe. Daftari la wakurugenzi wa kampuni la Uingereza nalo liko wazi kwa kila mtu mtandaoni, na linaonyesha majina ya kati. Akina Patel wenye duka wengi walisajili kampuni.

Usiwapigie simu watu ovyo kwa sababu tu majina yamelingana. Andika barua fupi kwa chama cha kijiji, taja Muheza, miaka, jina la tajiri na la baba yake, jina la babu yako na kazi aliyoifanya dukani, waombe waipeleke kwa familia, nao wenyewe wakijibu utajua ni hao. Na yule bibi wa Jinja, kama bado yuko wodini, muulize kijiji chake. Kama ni wa gol moja na tajiri wa Muheza, huenda atakupa jibu kabla chama hakijafungua barua.